Jina Lisilokuwa Kwenye Fomu

Siku Bunge la nchi ya Usemba lilipochagua wawakilishi wake wa Bunge la Bonde, wagombea walikuwa ishirini na mmoja, viti vilikuwa vitatu, na waheshimiwa wabunge walikuwa na njaa. Saa ya chakula ilikwisha kupita. Kila mgombea alipewa dakika tano za kujieleza, na alipofika ya nne tu, sauti zilianza kutoka viti vya nyuma: "Muda! Muda, Mheshimiwa Spika!"

Mgombea hakusimama peke yake. Mkataba wa Bonde, uliotiwa sahihi baada ya miaka kumi na miwili ya vita vya maji, ulitaka kila mwakilishi awe mtu mwenye watu wake. Asiye na cha kupoteza, Mkataba ulisema, hajui thamani ya anachokigawa. Kwa hiyo wagombea walipanda jukwaani na wake, waume, watoto na kaka zao, na wabunge wakawakagua kama wanunuzi mnadani. Mgombea wa nne alileta watoto kumi na mmoja. Mbunge mmoja mchokozi akasimama kumuuliza jina la yule wa saba kutoka kushoto, na mgombea akalikosa. Ukumbi mzima ukacheka mpaka Spika akagonga nyundo, na watoto wa kukodi wakateremshwa mmoja mmoja.

Milembe Lushinge hakucheka. Alikuwa ameketi juu, kwenye jukwaa la wageni, na kitambulisho chake cha upimaji kifuani. Alikuwa akimsubiri mgombea wa kumi na tatu.

Naye akapanda: Bi. Nyanzobe, mama wa miaka hamsini na tisa, mgawa maji wa mfereji wa Bukindo kwa miaka thelathini, vitenge viwili na viatu vya mpira. Nyuma yake walisimama wanawe wawili wa kuzaa, wanaume warefu. Milembe, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Nyanzobe alimlea tangu ana miezi mitatu, hakusimama nao. Fomu haikumuuliza.

"Mheshimiwa Spika," mbunge wa Bukindo mwenyewe akainuka, "naomba nimuulize mama swali dogo. Uko kule Nyakisozi, kwenye Bunge la Bonde, imeletwa hoja ya kufunga lango la Bukindo, maji yateremke Adhong kwa jirani zetu. Utapigaje kura?"

"Mheshimiwa Spika, siku hiyo sitakuwa na kwetu," Nyanzobe akajibu. "Si ndiyo maana mnanipeleka?"

Meza zikagongwa, kwanza chache, halafu zote. Kura zilipohesabiwa alikuwa amepata mia moja themanini na nane, wa kwanza katika wale watatu. Wanawe wakamkumbatia jukwaani. Nyanzobe akainua macho kumtafuta Milembe kule juu, na Milembe akajifanya anatafuta kalamu, maana machozi yalikuwa yameshamtoka.

Kitabuni, utaratibu wa kumwondolea mwakilishi mapenzi ya kwao na ya watu wake uliitwa Usawazishaji. Mitaani uliitwa kukata kitovu. Mwakilishi alikuwa na siku kumi kabla ya kukatwa, na nchi nzima ilikuwa na wapimaji wawili tu waliofundishwa kazi hiyo. Mmoja alipangiwa wale wengine wawili. Nyanzobe akaangukia kwa Milembe.

*

Katibu wa Bunge, Bwana Kwilasa, alikuwa mtu wa karanga. Bakuli lilikaa mezani pake daima, naye alimenya huku akizungumza, bila kumtazama mtu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Katibu."

"Marahaba, binti. Kaa. Hongera ya mama."

"Mama yupi, Mheshimiwa? Mama yangu alishafariki."

Kwilasa akacheka kidogo. "Hayo kawaambie waangalizi wa kigeni. Mimi ni mtu wa huku. Mama yako alipofariki ulinyonya ziwa la nani?"

Wote wawili walilijua jibu. Nyanzobe alikuwa akimnyonyesha mwanawe wa pili wakati ule, na alimweka Milembe upande wa pili.

"Fomu inauliza mume, watoto wa kuzaa, wazazi, ndugu wa tumbo moja," Katibu akaendelea. "Iliandikwa na watu ambao mama mdogo kwao ni mtu wa kuonana naye sikukuu. Sikuombi uharibu kazi, Milembe. Kata vyote vilivyo kwenye fomu, kata mpaka mwangalizi aridhike. Kisichokuwemo, nani atakuuliza?"

"Na siku ya kura mtanituma kwake."

"Mgao unapigiwa kura mwezi wa tisa. Maji ya Bukindo yatafika mwezi wa nane tu."

"Na Adhong?"

"Adhong wana wawakilishi wao."

"Waliokatwa."

"Hilo ni shauri lao." Akapuliza maganda. "Wewe utabaki mtoto mwenye mama. Ubaya wake ni nini?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwilasa alikuwa na watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba ndoo. Milembe aliondoka pale bila kusema ndiyo wala hapana, na Katibu hakumfuatilia. Mtu aliyekataa husema.

*

Siku ya kupima, mchana, Nyanzobe aliketi kwenye kiti cha kliniki na taji la nyaya kichwani, akilalamika kwamba linaharibu ususi wake mpya.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu kwa kuitazama. Mpimaji huonyesha picha moja moja, na ubongo huwaka kwenye kioo kwa nyuzi za mwanga, kila uzi na namba yake. Mpita njia hupata tano, sita. Rafiki hupata thelathini. Kwenye kukata, mawimbi ya sauti hutoka pande zote za taji na kukutana mahali padogo kama punje ya mtama, yakapatuliza pale ubongo unapoweka neno "wangu". Kumbukumbu hubaki zote. Mtu hukumbuka jina la mwanawe na siku aliyomzaa, ila anakumbuka kama habari aliyoisoma gazetini.

Mwana wa kwanza alipata sabini na moja, wa pili sitini na nane. Marehemu mume wake alipata arobaini. "Na hizo ni nyingi," Nyanzobe akasema. Nyumba ya Bukindo ilipata hamsini na tano. Kisha Milembe akainama kukaza mkanda wa taji, uso wake ukaja mbele ya mama yake, na kioo kizima kikawaka. Tisini na nne.

Akakizima haraka.

"Ngapi?" Nyanzobe akauliza.

"Usiulize, Mama."

"Nilijua. Ndiyo maana sikukutaja. Ningekutaja wangekutoa, nikakatwa na mkono wa mgeni. Nikasema hapana, kama ni kukatwa anikate mwanangu." Akazungusha bangili. "Milembe, nikwambie kwa nini niligombea?"

"Kwa sababu wewe ni mtu wa haki. Bukindo wote wanasema."

"Bukindo hawajui. Kila shamba lilikuwa na saa mbili za maji. Tangu ulipoingia nyumbani kwangu, la kwetu nikalipatia saa mbili na robo. Kila zamu, miaka tisa. Ile robo niliitoa kwa Jidayi, kule mwisho wa mfereji, maana maji yakipungua mwishoni watu husema ni mchanga tu umekunywa. Mwaka wa tisa mpunga wake haukutoa hata suke. Wakahama. Kitoto chao kidogo kilifia njiani." Alisema bila kulia. "Wewe ulishiba, ukasoma, ukawa hivi ulivyo. Ningerudishwa nyuma leo ningeifungua tena ile robo. Hapo ndipo ninapojiogopa."

"Mama, tulikuwa na njaa."

"Na wao pia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye, ndivyo walivyotufundisha. Mimi nilichelea wewe kulia, akalia mke wa Jidayi. Wanipe Bonde zima nigawe hali niko hivi? Kata yote, mwanangu. Na wewe ukiwemo. Hasa wewe. Niahidi."

Milembe akaahidi. Wakati anaahidi alimaanisha, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

*

Mwangalizi alitoka Adhong. Mkataba ulitaka hivyo: nchi ya chini ya mto itazame kazi ya nchi ya juu. Aliitwa Daktari Aluel, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha darasani na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili. Aliisoma fomu ya Nyanzobe mara tatu.

Mgonjwa alikwisha lazwa, macho yamefumba, anapumua taratibu kwa dawa.

"Mpimaji," Daktari Aluel akasema, "kwetu dada wa mama ni mama. Nimeiona fomu hii katika nchi nne, na kila mara naona inauliza watu wachache kuliko wale ambao mtu anao." Akaiweka karatasi chini. "Siruhusiwi kupima jina lisiloandikwa. Lakini kuuliza naruhusiwa. Kuna mtu ambaye fomu haikumuuliza?"

Ilikuwa njia ya kutokea, nayo ilikuwa wazi kabisa. Milembe angesema ndiyo, angetolewa chumbani kwa aibu kidogo, mpimaji mwenzake angeitwa, na mambo yangekwisha. Alimtazama Nyanzobe pale kitandani, midomo imeachama kidogo kama alivyokuwa akilala adhuhuri baada ya zamu ya maji. Akafikiri: kesho atanitazama kama mwanamke wa benki. Atanisalimia vizuri, kama anavyomsalimia kila mtu. Sitakuwa na mama tena, na sasa hivi ninaye.

"Hakuna," akasema.

"Nakuamini," Daktari Aluel akajibu, akaandika. "Mama yangu yuko Adhong. Wananiambia kisima cha kwanza kimeshakauka. Ndiyo maana nauliza sana, unisamehe."

Milembe akaanza kazi. Alikata nyumba ya Bukindo kwanza, uzi ukafifia mpaka nane. Akamkata marehemu. Akawakata wale kaka zake wawili, ambao walinyonya naye ziwa moja, mmoja baada ya mwingine. Aliujua uzi wa tisini na nne ulipo. Ulikuwa katikati, mnene, umejisokota kwenye mingine yote. Akapita pembeni yake kwa makini kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote maishani.

Baada ya saa tatu Nyanzobe alizinduliwa, Milembe akasimama nyuma yake asionekane. Daktari Aluel akamwonyesha picha thelathini zilizochanganywa: wageni, wanawe, nyumba, masoko, watoto wa nchi nane. Zote zilisoma kati ya tano na tisa. Wana wake walikuwa sita na saba. Daktari akamshika mkono kwa heshima, akatia sahihi, akatoka kwenda kugonga muhuri.

Mlango ulipofungwa, Nyanzobe akageuza shingo.

"Milembe," akasema. "Umefanya nini?"

*

Alitaka kumkumbatia. Nyanzobe akamzuia kwa kiganja, ingawa mkono wa pili ulikuwa umeshamshika nguo kumvuta.

"Nimetazama picha za wanangu," akasema. "Nimewazaa. Nakumbuka uchungu wa kila mmoja. Nimewatazama kama watu wa foleni. Halafu nimekuona wewe. Nilikuwa na watu wanne wa kuwapenda, na nyumba. Yote yale hayakwenda popote, mwanangu. Yamekuja kwako. Nikikutazama nashindwa hata kupumua."

"Mama, nisamehe. Sikuweza."

"Rudia. Nilaze tena urudie."

"Haiwezekani kabla ya mwaka. Ubongo utaharibika. Hutajua hata kula."

Nyanzobe akafikiri juu ya hilo, na Milembe akaona kwa hofu kwamba alikuwa akilipima kweli.

"Basi ningepaswa kumwita yule daktari sasa hivi," mama akasema. "Nimwambie hajakatwa huyu. Wamtafute mwingine. Na wewe wangekufanya nini?"

"Kifungo. Maisha."

"Maisha." Nyanzobe akafumba macho. Nyayo za Daktari Aluel zilisikika ukumbini, zikarudi, zikakaribia. Alikuwa na muda wa kutosha wa kuita. Nyayo zikapita. Nyanzobe hakuita.

"Unaona?" akasema, na sasa ndipo alipolia. "Hata dakika kumi hazijapita. Ndiyo kura yangu ya kwanza hiyo, na nimeshaiiba."

Milembe alipiga magoti kando ya kitanda. Nyanzobe hakumgusa.

"Ungenikata ungekuja Nyakisozi kunitembelea, nikakupikia kama ninavyompikia mgeni yeyote. Tungezungumza. Sasa usije. Usipige simu, usiandike barua. Nisikie hata habari yako kwa mtu, sijui nitafanya nini, na watu wa Adhong ndio watakaolipa. Umenielewa? Nenda, Milembe. Nenda kabla sijakwambia ubaki."

Milembe akaenda. Kwenye ngazi alimsikia mama yake akiita jina lake mara moja, kisha akaliziba kwa kitambaa.

*

Aliacha kazi ya upimaji wiki ile ile. Alirudi Bukindo kwenye nyumba ile tupu, akapata kibarua cha kuandika wagonjwa zahanati. Hakupiga simu. Miezi minane hakuandika hata mstari mmoja, na kila jioni redio ilipotaja Bunge la Bonde aliizima. Alijiambia kwamba alilolivunja angalau hajaliongeza. Mfereji ukashuka mpaka kwenye goti, kisha kwenye kifundo cha mguu, kisha ukawa tope. Watu wakawa wanapanga foleni ya bomba tangu alfajiri.

Mwanzoni mwa Septemba gari la Bunge lilisimama mbele ya zahanati. Katibu Kwilasa akateremka na mfuko wake wa karanga.

"Sitampigia," Milembe akasema kabla hajasalimiwa. "Nipeleke jela ukitaka. Nitajishtaki mwenyewe."

"Jishtaki. Fomu zako zina sahihi ya mwangalizi wa Adhong, watasema umechanganyikiwa kwa kiu." Kwilasa alionekana amechoka, si mkali. "Sikuja kukuomba upige simu, binti. Nilikuja kukuona tu kama uko salama."

"Sihitaji kuonwa na wewe."

"Basi vizuri." Akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Jumanne ulikuwa foleni ya bomba tangu saa kumi na moja alfajiri. Ulipofika mbele maji yakakatika, ukakaa juu ya ndoo yako. Kijana wangu alikupiga picha. Midomo imepasuka kweli. Nimeituma Nyakisozi juzi, bila neno lolote."

Milembe alimshika kola. Watu wawili wa zahanati walimtoa, naye alikuwa anapiga kelele kwamba simu iko wapi, apewe simu amwambie mama yake kwamba anakunywa, anashiba, hana shida yoyote. Mtandao wa Bukindo ulikuwa umekufa tangu umeme wa pampu uzimwe. Alitembea kilomita kumi na nane mpaka kilima cha Ng'wanhale, akapata mnara, akapiga namba ya mama yake mara ishirini. Wawakilishi walikuwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya kura. Simu zao zilikuwa kwenye sanduku.

Akakaa pale kilimani na watu wengine waliokuja kusikiliza redio. Hoja ilikuwa ya Mgao: Bukindo na Usemba ya juu wapewe theluthi mbili za maji ya msimu, Adhong ipewe kinachobaki. Mtangazaji alisoma majina ishirini na manne, na kila mmoja akaitaja kura yake mwenyewe. Wawakilishi wawili wa Usemba, waliokatwa sawasawa, walisema hapana. Wa Adhong mmoja alisema ndiyo, kwa kuwa alipima mazao akaona hivyo. Jina la Nyanzobe lilipofika pakawa kimya kirefu mpaka mtu mmoja akadhani betri imekwisha.

"Ndiyo," redio ikasema, kwa sauti ya Nyanzobe.

Kumi na tatu kwa kumi na moja. Kama angesema hapana zingelingana, na hoja ingeanguka.

Siku tatu baadaye lango likafunguliwa. Maji yalikuja Bukindo mchana, yakisukuma takataka na majani makavu mbele yake, yakajaza mfereji mpaka ukingoni. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto walirukia ndani na nguo zao. Mzee mmoja aliyemfahamu Milembe tangu mtoto alimpokonya ndoo akamjazia yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mwambie mama yako asante," akasema. "Tulijua hatatusahau. Wangemkata mara mia asingetusahau yule."

Redio ya zahanati ilikuwa imeanza kutaja Adhong, visima saba, na watu walioanza kuhama kwa miguu. Milembe alisimama na ndoo yake iliyojaa. Alifikiri aimwage chini, ila chini palikuwa tayari pamelowa, na haingemfikia mtu yeyote. Koo lilikuwa limemkauka tangu asubuhi. Akainama, akachota kwa viganja, akanywa.